Jina la Utani Lilimfukuza Kwenye Sinia

SOMO LA AFYA: Mwanamme, Mwili Wake na Chakula Chake

Somo letu la leo linahusu wanaume, miili yao na chakula chao. Pengine utasema: "Mwanamme na mwili wake, hilo nalo ni somo? Hayo si mambo ya wanawake na vioo vyao?" Nasi tulikuwa tukisema hivyo hivyo. Tulisema hivyo mpaka tulipomwona mwenzetu mmoja anavyoteseka. Tena tukaja kugundua kwamba mateso yake yalianzia midomoni mwetu sisi wenyewe. Kwa hiyo tumeona yafaa tuandike, ili wengine wasirudie kosa letu.

Sisi ni watu wa Kizimbani, kisiwani Unguja. Kijiji chetu kinajulikana kwa karafuu na viungo, na kwa utafiti na mafunzo ya kilimo. Lakini jina lake lina maana nyingine pia. Mtu aliyeshtakiwa mahakamani husimama kizimbani. Basi yuko mtu ambaye hakuiba wala hakuua, lakini kila siku amesimama kizimbani kwa ajili ya tumbo lake au mbavu zake. Akipita barazani anahukumiwa. Akikaa kula anahukumiwa. Wakili hana, na siku ya kuachiwa haijui.

Somo hili lisomeni kwa kikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjadiliane. Wazee watakumbuka kampeni za redio za Tanzania Bara: "Mtu ni Afya" ya 1973 na "Chakula ni Uhai" ya 1975. Watu walikaa vikundi vikundi kandokando ya redio, wakajifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kuchanganya vyakula. Yalikuwa mafunzo mema. Leo tunaongeza jambo moja juu yake: chakula ni uhai, lakini mtu mwenye aibu hakifaidi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Aibu ya mwili: hali ya mtu kuuchukia mwili wake na kuuficha, kwa sababu ya maneno ya watu au ya moyo wake mwenyewe.

Kubugia: kula chakula kingi kwa haraka, bila ya kuweza kujizuia, hata kama njaa imekwisha.

Mgao: chakula au bidhaa kugawiwa kwa kipimo kwa kuwa ni haba.

MKASA WA MKWEZI

Mwenzetu huyu ni mkwezi wa minazi. Ametupa ruhusa tuueleze mkasa wake, jina tulifiche.

Alipokuwa kijana, mnazi haukumpa shida. Kamba miguuni, panga kiunoni, mara yuko juu. Wageni wanaokuja kutembezwa mashamba ya viungo walikuwa wakimpiga picha. Siku moja ya mvua aliteleza akaanguka, akavunjika mguu. Alikaa ndani miezi sita. Mguu ukapona, lakini mwili ulikuwa umeongezeka sana.

Aliporudi barazani, mmoja wetu akasema: "Eeh! Alikwenda mkwezi, limerudi gunia!" Tukacheka sote. Naye akacheka. Tangu siku ile jina lake likawa Gunia. Watoto nao wakalidaka.

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Siye tumezoea kula pamoja. Kwenye shughuli, sinia moja hukaliwa na watu wanne au watano, kila mtu akala upande wake. Mwenzetu akaanza kulikwepa sinia. "Kuleni tu, mimi nimeshakula nyumbani." Nyumbani nako akimwambia mkewe kwamba amekula shughulini. Kumbe hakula kokote. Asubuhi kahawa chungu, mchana maji matupu. Alikuwa amejiapiza kutokula mpaka tumbo liingie ndani.

Aliweza siku mbili, mara nyingine siku tatu. Halafu usiku, watu wamelala, huamka akaingia jikoni gizani. Hula muhogo uliolala, wali uliobaki wa watoto, mkate wa asubuhi, hata sukari kwa kijiko. Hula haraka haraka, ladha haisikii, mpaka tumbo linamuuma. Akimaliza hukaa chini akalia. Asubuhi anajiapiza tena.

Mkewe alidhani ni paka. Baadaye akadhani ni mwizi. Usiku mmoja akaingia jikoni na tochi, akamkuta mumewe amekaa sakafuni, sufuria mapajani. Mwenyewe alituambia baadaye: "Wallahi, bora ningekamatwa naiba karafuu."

JE, HUU NI ULAFI?

Wengi watajibu: huyo mlafi tu, ajizuie. Hebu kwanza tusikilize habari hii.

Mwezi wa Novemba 1944, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa karibu kumalizika, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani walianza jaribio. Mkuu wao alikuwa Ancel Keys. Walitaka kujua namna ya kuwasaidia watu walioachwa na njaa ya vita. Wakapata wanaume 36 waliojitolea. Walikuwa vijana wenye afya na akili timamu, ambao walikataa kwenda vitani kwa sababu ya imani na dhamiri zao.

Kwanza walilishwa vizuri. Kisha kwa wiki 24 walipewa karibu nusu tu ya chakula walichozoea: viazi, mkate, mboga za mizizi na kadhalika. Walitakiwa pia kutembea kilomita 35 hivi kila wiki. Wakapungua karibu robo ya uzito wao.

Lakini lililowashangaza wengi si kukonda. Ni akili zao. Vijana wale walianza kufikiri chakula mchana na usiku. Walisoma vitabu vya mapishi kama watu wasomavyo hadithi. Walilamba sahani. Wakawa wakali, wakajitenga na wenzao, hata hamu ya wanawake ikawatoka. Baadhi yao walikula kwa siri, kisha wakaona haya sana. Walipoanza kulishwa tena, wengine walikula chakula kingi kupita kiasi na bado wakasema wana njaa. Wengine wakaanza kuyaonea wasiwasi matumbo yao, jambo ambalo zamani hawakuwa nalo. Wako waliosema iliwachukua miezi mingi kurudi katika hali yao.

Hapa pana funzo kubwa. Vijana wale hawakuwa walafi. Mwili ulionyimwa chakula hujipigania. Ichukue nazi kavu uizamishe majini kwa mkono. Itazama, ndiyo. Lakini siku utakapochoka ukaiachia, itaruka juu kwa nguvu. Ndivyo ilivyo njaa ya kujilazimisha. Kadiri mtu anavyojikandamiza mchana, ndivyo chakula kinavyomrukia usiku.

Kwa hiyo mwenzetu mkwezi alikuwa amefungwa katika duara. Aibu ilimpeleka kwenye njaa. Njaa ikampeleka kwenye kubugia. Kubugia kukamzidishia aibu. Na kila tulipomwita Gunia, tulilisukuma duara lile lizunguke tena.

Lakini njaa si sababu pekee. Wako wanaobugia kwa ajili ya huzuni, upweke au kukosa kazi. Mwenzetu alikuwa akijulikana kwa kukwea. Alipoacha kukwea alijiona si mtu tena. Sisi, badala ya kumwuliza moyo wake ukoje, tulitazama tumbo lake.

NA ALIYEKONDA JE?

Usidhani aibu hii ni ya wanene peke yao. Mwembamba naye ana majina yake: kimbaumbau, njiti, ng'onda. Hapa kwetu kukonda kwa mwanamme kumebeba shutuma kubwa, na ziko sababu mbili za kihistoria.

Ya kwanza ni uhaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, unga na sukari viligawiwa kwa mgao hapa Unguja, na watu walipanga foleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uhaba uliikumba Tanzania nzima. Mtu aliyepita katika miaka ile hajaisahau. Mpaka leo wako wazee wanaokula haraka kama kwamba sahani itaondolewa, na wasioweza kubakisha hata punje. Tusiwacheke. Na katika nyakati kama zile, mwenye kitambi alionekana ni mtu aliyeneemeka. Mwembamba alionekana ameshindwa kazi, au mkewe hampikii.

Sababu ya pili ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walijulikana mkoani Kagera mwaka 1983. Nchini Uganda watu waliyaita maradhi hayo "Slim", yaani kukonda. Hapa Zanzibar wagonjwa wa kwanza walijulikana mwaka 1986. Tangu hapo mtu akipungua kidogo, watu walinong'ona. Ilikuwa ni ujinga wetu. Virusi havionekani kwa macho. Mtu mnene anaweza kuwa navyo, na mwembamba asiwe navyo. Leo mwenye virusi akitumia dawa zake sawasawa huishi na afya yake, na mwili wake huwa kama wa mtu mwingine yeyote. Kipimo ndicho kinachosema. Mbavu hazisemi kitu.

Tunaye kijana mmoja hapa tuliyemwita Ng'onda. Alichoka na jina lile. Akanunua vidonge vya kunenepesha, vimefungwa katika karatasi, bila ya boksi wala jina. Baada ya wiki chache mashavu yakajaa. Nasi tukamsifu: "Ala! Sasa umekuwa mtu!" Kijana akafurahi, akaongeza vidonge. Kisha akaanza kushikwa na kiu isiyokwisha, na usiku akawa anakwenda haja ndogo mara kwa mara. Alipopimwa, sukari katika damu ilikuwa imepanda sana.

Ndugu wasomaji, vidonge hivyo si chakula. Vingi vinavyouzwa mitaani kwa kazi hii ni dawa za hospitali zinazotumiwa vibaya. Mojawapo ni deksamethasoni, dawa kali ambayo daktari huitoa kwa maradhi maalumu. Mtu akiitumia kiholela hujaa maji na mafuta usoni, sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika, na nguvu ya mwili ya kupambana na maradhi hupungua. Nyingine ni siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio. Hiyo huongeza hamu ya kula lakini humfanya mtu asinzie, na kusinzia kwenye chombo cha moto au juu ya mti ni hatari. Aliyekwisha kuzitumia kwa muda asiache ghafla peke yake. Aende kwa daktari, aseme kweli, apunguziwe taratibu. Kuacha deksamethasoni ghafla nako kunaweza kumwangusha mtu.

Tazameni basi: mmoja tulimwumiza kwa kumcheka, na mwingine kwa kumsifu.

SI MARADHI YA WANAWAKE PEKE YAO

Hata madaktari walichelewa kuliona jambo hili kwa wanaume. Na si kwamba halikuwapo. Mwaka 1689 daktari Mwingereza, Richard Morton, aliandika kitabu juu ya maradhi ya kukonda. Humo alieleza wagonjwa wawili waliokonda bila ya kifua kikuu wala homa. Mmoja alikuwa msichana. Wa pili alikuwa kijana wa kiume wa miaka 16. Daktari alimshauri aache masomo kwa muda, aende shamba kwenye hewa safi, apande farasi na anywe maziwa. Kijana alipata nafuu kubwa.

Lakini baadaye ugonjwa wa kujinyima chakula ulihesabiwa kuwa ni wa wanawake. Kitabu wanachotumia madaktari wa akili wa Marekani kilikuwa kikitaja kukosa hedhi miongoni mwa dalili zake. Sasa mwanamme atakosa vipi hedhi? Dalili hiyo iliondolewa mwaka 2013. Mwaka huohuo kubugia chakula kuliandikwa rasmi humo kuwa ni maradhi yanayojitegemea. Kwa hiyo anayebugia kwa siri ana maradhi yanayojulikana, na yana matibabu. Hana laana wala hana shetani.

Mwanamme hujificha kwa maneno mengine. Hasemi "nauonea haya mwili wangu." Husema "nakata mwili," "najenga kifua," "sina hamu ya kula," au "nimeshashiba." Yuko anayekwenda kunyanyua vyuma mara tatu kwa siku hata akiwa mgonjwa. Yuko asiyevua shati mbele ya wenzake hata wakienda kuoga pwani. Yuko anayejitapisha baada ya kula. Tukiyaona hayo tusipite tu.

NJIA YA KUPONA

Kupona hakuji kwa siku moja. Lakini njia ipo, na mwenzetu mkwezi ameifuata. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Kula kwa wakati. Kunywa chai asubuhi, kula mchana, kula usiku. Hata kama jana ulibugia, leo usijiadhibu kwa njaa. Ukijiadhibu umelianza duara upya. Hili ndilo jambo la kwanza, nalo ndilo gumu.

2. Usile gizani. Kaa chini, washa taa, kula na watu wako. Ikiwa sinia la shughuli ni zito kwako, anza na mtu mmoja unayemwamini.

3. Panga sahani yako. Nusu iwe mboga na matunda, kama mchicha, kisamvu, bamia, embe au papai. Robo iwe wali, muhogo, ndizi au shelisheli. Robo iwe samaki, dagaa, maharage, kunde au mayai. Huo ni mpango wa afya wa kila mtu, mnene na mwembamba. Usiseme kuna chakula haramu kwa ajili ya tumbo lako. Siku ya sikukuu kula biriani yako kwa furaha.

4. Pima maradhi, usimpime mtu. Pima shinikizo la damu na sukari. Chukua tepe ya fundi cherehani upime kiuno, baina ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Mwanamme akizidi sentimita 94, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kuongezeka. Aliyepungua bila ya kutaka naye apimwe: kisukari, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na minyoo. Kipimo ni taarifa ya kukusaidia. Hukumu hakitoi.

5. Upe mwili kazi unayoiweza. Kulima, kutembea, kufua nazi, kucheza mpira, yote ni mazoezi. Jioni jiulize: mwili wangu leo umenifanyia nini? Mikono imelima matuta mangapi? Miguu imenifikisha wapi? Mwili tumepewa wa kutumia, na kioo hakijui kazi uliyoifanya.

6. Sema na mtu mmoja. Inaweza kuwa mke, ndugu, rafiki au mhudumu wa afya. Huna haja ya hotuba ndefu. Sema tu: "Nina shida na kula, na naona haya." Maneno hayo yanatosha kuanzia.

WAKATI WA KUKIMBILIA HOSPITALI

Usingoje ikiwa mtu anazimia, anatapika damu, moyo unamwenda mbio bila ya sababu, amekaa siku nyingi bila ya kula, au anasema ni bora afe. Aliyekaa na njaa siku nyingi asishindiliwe chakula kingi kwa mara moja. Chumvichumvi za damu huweza kubadilika ghafla na kuudhuru moyo. Aanze kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wao wanaweza kukupeleka mbele. Hapa Unguja tunayo hospitali ya Mnazi Mmoja, na kwa maradhi ya akili tunayo hospitali ya Kidongo Chekundu. Tunajua watu wakisikia Kidongo Chekundu husema: "Kwani mimi mwendawazimu?" Hapana, ndugu yetu. Mguu ukivunjika unapelekwa kwa daktari wa mifupa. Moyo ukivunjika nao una daktari wake.

MWEZI WA RAMADHANI

Mwezi huu mtukufu unaweza kuwa mgumu kwa mwenye tatizo hili. Mchana hali, na magharibi mezani pana uji, tambi, muhogo wa nazi, samaki na maandazi. Duara lile hupata nafasi. Afuturu kwa tende na maji, aswali, kisha ale kwa utulivu. Daku asiiache. Aliye mgonjwa azungumze na daktari na sheikh wake, maana dini imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Na tusifanye saumu kuwa ni njia ya kukata tumbo. Saumu ni ibada.

Tena tukumbuke kwamba sura ya 49 ya Kurani, Al-Hujurat, katika aya ya 11 inawakataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina ya kuudhi. Sisi tuliisoma chuoni tukiwa watoto. Barazani tukaisahau.

KAZI YA JAMAA NA YA BARAZA

Mke wa mkwezi hakupiga kelele usiku ule. Alizima tochi, akakaa karibu naye sakafuni. Asubuhi akaandaa chai na muhogo akamwambia: "Mume wangu, njoo tule." Hakumhesabia matonge. Hakuficha sufuria. Kila siku aliandaa kwa wakati uleule, na kila siku alisema maneno yaleyale. Baadaye wakaenda pamoja kituo cha afya. Shinikizo la damu lilikuwa juu, akapewa dawa.

Mkewe ndiye aliyekuja kwetu pia. Alisimama mbele ya baraza, akasema: "Nyinyi mna jina lenu mlilompa mume wangu. Naliomba mlichukue." Hatukuwa na la kujibu.

Tukafanya shauri. Tukakubaliana kwamba barazani petu hakuna tena jina la mwili: si Gunia, si Ng'onda, si Bonge, si Kimbaumbau. Utani tumeuacha palepale, maana baraza bila ya utani ni msiba. Tunataniana kwa mpira, kwa siasa na kwa bao tulilofungwa. Lakini mwili wa mtu tumeuweka pembeni. Haikuwa rahisi. Mzee mmoja alisahau mara tatu kwa siku moja, na kila mara akalipia kahawa ya watu wote. Sasa hasahau.

Na siku ile tulimwendea mkwezi nyumbani kwake, tukamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Mlipocheka nami nilicheka. Mngejuaje?" Lakini sisi tunasema tungeweza kujua. Mtu aliyeacha kula na wenzake miezi mingi alikuwa anatuambia kitu. Tulikuwa na macho na hatukutazama.

HALI YAKE LEO

Tusikudanganyeni, ndugu wasomaji. Mkwezi hajawa mwembamba. Wala hakwei tena minazi. Siku hizi anafua nazi. Anasimama mbele ya kifuo tangu asubuhi, na hakuna kijana hapa anayemshinda kwa kasi. Dawa ya shinikizo la damu anakunywa. Mwezi uliopita ulimjia tena usiku mmoja mbaya, akaingia jikoni gizani. Lakini asubuhi alimwambia mkewe mwenyewe, akanywa chai yake kwa wakati, akaenda kazini.

Na juzi kulikuwa na harusi. Sinia letu lilikuwa na watu wanne, pana nafasi ya mmoja. Tukamwona amesimama mlangoni. Tukamwita kwa jina lake, lile alilopewa na wazazi wake. Akaja, akanawa, akakaa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mkwezi alikuwa akila usiku kwa kujificha? Eleza duara alilokuwamo.

2. Wanaume 36 wa jaribio la Minnesota walikuwa na akili timamu. Nini kiliwabadilisha?

3. Katika kijiji chenu, wanene na wembamba huitwa majina gani? Nani aliyaanzisha? Wenyewe wanasemaje?

4. Je, mtu akimsifu mwenzake kwa kunenepa au kukonda, anaweza kumdhuru? Toa mfano.

5. Ni vyakula gani vya shambani kwenu vinavyoweza kuijaza sahani kama tulivyoeleza?

6. Kila mmoja afikirie moyoni: yuko mtu aliyekuwa akila nasi ambaye sasa hali nasi? Nani atakwenda kumwita?